Lumbesa Ukutani: Mhadhara Juu ya Vielelezo na Wanaovitumia

 

Waandaaji wa mhadhara huu walinipigia simu mara tatu kuuliza nitatuma lini slaidi. Mara ya kwanza nilisema kesho, mara ya pili nikasema zinakuja, mara ya tatu ikabidi niseme ukweli kwamba hazipo. Kijana wa upande wa pili alinyamaza kidogo, kisha akauliza kwa heshima zote: "Sasa mzee, watu watakuwa wanaangalia nini?" Swali lake ndilo mada yangu. Nimekuja na mwavuli, doti moja ya khanga na mfuko wa vizibo vya soda. Kila kimoja mtakiona zamu yake ikifika.

Khanga nimeinunua leo asubuhi. Nilishuka mwendokasi pale Gerezani, nikaufuata Mtaa wa Msimbazi hadi unapokutana na Uhuru, nikaingia kwenye fremu ya kwanza iliyonivutia. Mnaijua hali ya pale. Khanga zimepangwa kutoka sakafuni hadi darini, vitenge vinaning'inia mlangoni, na winga wa kuvuta wateja ameshakushika mkono kabla hujajua unataka nini. Mbele yangu alikuwepo mama mmoja aliyesema anaangalia tu. Muuzaji hakubishana naye. Alitoa doti moja, akaikamata kwenye pindo, akaitandaza meza nzima mpaka mji wote ukaonekana, akanyamaza. Mama akaishika, akaipeleka mlangoni kwenye mwanga, akasoma jina la khanga, akacheka peke yake. Aliporudi ndipo akatajiwa bei. Akakunja uso. Kijana akaikunja ile doti, akairudisha mahali pake, ndipo akatoa ya pili.

Nilimuuliza kwa nini asitandaze tatu kwa mpigo mteja achague. Alinitazama kama mtu aliyeulizwa kwa nini analala usiku. "Mzee, ukimwekea zote anachanganyikiwa, anaondoka. Moja moja."

Nimefundisha walimu matumizi ya zana kwa sehemu kubwa ya maisha yangu, na nimesoma vitabu vinene juu ya jambo hilo. Nilitoka pale dukani nikiwa na wivu kidogo.

Niwaeleze sasa kisa kilichonifanya niiogope projekta. Miaka kadhaa iliyopita ofisi moja ya hapa mjini, ambayo haina haja ya kutajwa, iliniita kuendesha semina ya siku nzima. Niliandaa slaidi 71. Nilizionea fahari, nilikuwa nimekesha nazo. Nikasimama, nikawapa watu mgongo, nikaanza kuwasomea. Kwenye slaidi ya 9 umeme ukakatika, na jenereta ikakutwa haina dizeli. Nilibaki na rimoti mkononi kama dereva aliyebaki na usukani gari limeondoka. Nikasema tusubiri. Tukasubiri. Chai ya saa nne ililetwa saa tatu na nusu ili watu wawe na la kufanya. Mama mmoja aliyekaa nyuma akaniuliza, bila ubaya wowote: "Mwalimu, si utueleze tu?"

Nilijaribu, nikashindwa. Yote niliyokuwa nayo nilikuwa nimeyaweka ukutani, na ukuta ulikuwa umezima.

Sokoni kuna neno linalozifaa zile slaidi zangu: lumbesa. Gunia linajazwa mpaka mdomoni, kisha linaongezewa kilemba juu, linajazwa tena, linashonwa kwa kamba, halafu linahesabiwa gunia moja. Wakala wa Vipimo wamehangaika nalo miaka nenda rudi, maana gunia la mazao halitakiwi kuzidi kilo 100. Slaidi ya lumbesa nayo ina aya nne, vitone tisa, nembo za wafadhili watatu, kichwa cha habari cha mistari miwili, na pembeni picha ya mtandaoni ya watu wanaopeana mikono. Inahesabiwa moja. Sokoni anayepunjwa ni mkulima. Ukumbini ni yule aliyekaa kwenye kiti cha plastiki tangu saa mbili asubuhi.

Na hili si suala la ladha tu. Mtu akisoma maneno huku akisikiliza maneno, kazi zote mbili zinagombea mlango mmoja wa akili. Richard Mayer, mwanasaikolojia wa Chuo Kikuu cha California kule Santa Barbara, amelipima jambo hili kwa majaribio mengi. Picha pamoja na maelezo ya mdomo hufundisha vizuri kuliko picha, maelezo ya mdomo na maneno yaleyale yakiwa yameandikwa pia. Anayeongeza maandishi anapunguza kinachoingia. Tena watu wazima husoma haraka kuliko msemaji anavyotamka. Wewe uko mstari wa pili, wao wamemaliza slaidi zamani, wanakungoja, na simu zimeshatoka mifukoni.

Sasa itazameni khanga.

(Hapa mzungumzaji aliitandaza khanga mezani, kisha akaomba vijana wawili waishike kwa ncha na kuiinua juu.)

Akina mama watanisahihisha nikikosea. Hili la pembeni, linalozunguka pande zote nne, ni pindo. Uwanja wa katikati ni mji. Chini ya mji kuna mstari mmoja wa maneno, nalo ndilo jina. Sitawasomea. Aliye mbele anajisomea mwenyewe, na nimemwona mama wa mstari wa mwisho naye ameshaanza kutabasamu. Herufi zote ni kubwa. Maneno hayazidi pumzi moja. Yameandikwa yasomwe na jirani aliye ng'ambo ya njia, mgongoni mwa mtu anayetembea. Hakuna mchoraji wa khanga aliyewahi kuweka aya.

Tazameni tena mji. Umechorwa korosho, na jina halizungumzii korosho hata kidogo. Picha inafanya kazi yake na maneno yanafanya yake, hayarudiani. Mtu wa slaidi angechora korosho, akaandika "Korosho" juu yake, akaandika chini "Mchoro 1: Korosho", kisha angegeuka kutwambia kwamba hii ni korosho.

Rangi nazo. Kisutu, ile khanga ya harusi, ni nyekundu, nyeusi na nyeupe, utaikosaje? Ukumbi wetu wa kawaida una mapazia yasiyofunga, projekta iliyochoka na jua la saa saba. Humo unamkuta mtu ameandika kwa manjano juu ya nyeupe. Nimeliona hilo mara nyingi kuliko ninavyotaka kukumbuka. Aliyeandika alikuwa ameyaona maandishi yake vizuri sana, kwenye kioo cha kompyuta yake, usiku, kitandani.

Nitoke kwenye nguo. Kielelezo kikubwa kuliko vyote vilivyowahi kutumika nchini hakikuwa na neno hata moja. Aprili 1964, baada ya Mwalimu Nyerere na Sheikh Karume kutia saini Hati za Muungano tarehe 22, Mwalimu alichanganya udongo wa Tanganyika na udongo wa Zanzibar mbele ya watu. Wengi humu hatukuwepo, lakini picha tunayo kichwani: mikono, chombo, udongo unamiminika. Hati ina vifungu, na wanasheria wanavigombania mpaka leo. Ule udongo ulisema kitu kimoja ambacho vifungu haviwezi kukisema kwa upesi ule, kwamba ukishauchanganya, hakuna atakayekaa chini kuuchambua punje kwa punje. Wanaotaka serikali mbili wana picha hiyo, na wanaotaka tatu inabidi waanze kwa kuijibu. Mwenye kukupa kitu cha namna ile hana haja ya pointa nyekundu ya kukuelekeza pa kutazama.

Miaka 22 baadaye, kule Washington, mwanafizikia Richard Feynman alifanya jambo la ukoo huohuo. Chombo cha anga cha Challenger kilikuwa kimevunjika angani tarehe 28 Januari 1986, watu saba wakafa, naye alikuwa katika tume ya uchunguzi. Katikati ya kikao alichukua kipande cha mpira wa kuzibia maungio ya roketi, akakibana kwa jiriwa ndogo, akakitumbukiza kwenye glasi ya maji ya barafu. Alipokitoa na kukifungua, mpira haukurudi upesi katika umbo lake. Siku ya kurusha kulikuwa na baridi kali. Kila aliyekuwa mle chumbani alielewa.

Sehemu ya kisa hicho inayonisumbua zaidi ni ile ya usiku wa kuamkia safari. Wahandisi wa kampuni iliyotengeneza roketi zile walipeleka majedwali na chati kuonya juu ya baridi, wasisikilizwe. Edward Tufte, bingwa wa Marekani wa kuonyesha takwimu, aliandika baadaye kwamba chati zile hazikupangwa kuonyesha baridi na uharibifu upande kwa upande. Baadhi ya wahandisi walimjibu kwa ukali, na mimi niko upande wao kwa kiasi kikubwa. Mkubwa akishaamua, hata chati ya dhahabu haimgeuzi. Lakini najiuliza ingekuwaje kama glasi ya maji ya barafu ingekuwepo mezani usiku ule.

Mwavuli basi.

(Mwavuli ulifunguliwa, kisha ukageuzwa juu chini, mpini ukatazama dari.)

Soko letu kuu la Kariakoo, lile lililojengwa katika miaka ya 1970, lilisanifiwa na Beda Amuli, mmoja wa wasanifu majengo wa kwanza wazawa katika Afrika Mashariki. Wangapi mmewahi kusimama mle ndani mkatazama juu, badala ya kutazama nyanya? Paa lake ni miavuli ya zege iliyogeuzwa hivi. Mvua inaanguka humu, inakusanyika hapa katikati, inashuka na mpini. Nimewahi kulieleza paa hilo kwa mchoro wa msanifu kwa dakika 12, na mwanafunzi mmoja akaniuliza kama ni uyoga. Leo nimetumia sekunde kama 20, na mtoto yule pale mbele anatingisha kichwa kabla sijamaliza. Ninapolitaja soko lile moyo unauma, maana tunakumbuka wote moto wa usiku wa tarehe 10 Julai 2021.

Kitu halisi kina adha yake lakini. Ukikitoa kizunguke mikononi mwa watu, umeshawapoteza mpaka kirudi. Kama una kitu cha kuzungusha, kizungushe ukiwa kimya, au ungoje mwisho.

Tena picha husema zaidi ya ulichoituma. Mwaka 1965, katika uchaguzi wa kwanza wa chama kimoja, wapiga kura wengi hawakujua kusoma. Wagombea wawili wa jimbo wakapewa alama, mmoja jembe, mwingine nyumba. Aliyezichagua bila shaka aliona ni vitu viwili visivyo na upande: kila mtu analima, kila mtu analala ndani. Haikuchukua muda alama zenyewe zikawa hoja. Mwenye jembe aliuliza utakula nini bila mimi, na mwenye nyumba akajibu ukitoka kulima unarudi wapi. Basi na wewe unapobandika picha jiulize itabeba nini kingine. Nimemwona bwana shamba akiwasilisha habari za mbolea kwa wauza mboga wa Ilala, na picha yake ya "mkulima mwenye mafanikio" ilikuwa ya mzungu aliyesimama kando ya trekta kubwa kama ghorofa. Alikuwa ameitoa mtandaoni, haraka haraka. Wale akina mama walinong'ona juu ya bei ya lile trekta mpaka mwisho wa kikao.

Aliyejua kuishi na picha alikuwa marehemu Derek Mukandala, mliyemjua kwa jina la Lufufu. Kwenye vibanda vya video vya jiji hili alitupatia filamu za Hong Kong, India na Marekani kwa Kiswahili. Alitafsiri, akaeleza nani ni nani, akatia chumvi yake. Wasomi walimcheka. Mimi nilikuwa nakaa nyuma nikijifunza. Maneno yake hayakuwa yale yaliyokuwa kwenye kioo, yalikuwa yale ambayo kioo kisingekwambia. Kioo kinaonyesha mtu anakimbia. Lufufu anakueleza anamkimbia nani.

Vizibo nimeviweka mwisho kwa sababu ya takwimu, na takwimu ndizo zinazoua watu kwenye kumbi. Kikoba kimoja cha mama lishe wa Mchikichini kiliwahi kunialika siku ya kusomewa hesabu. Sanduku lao lina kufuli tatu, na funguo wanazo watu watatu tofauti. Mweka hazina hakuwa na karatasi. Alimwaga vizibo mkekani, akasema kimoja ni shilingi 10,000. Akatenga rundo la mikopo iliyo nje, rundo la fedha zilizo sandukuni, na vizibo viwili vya faini. Hakusema kingine. Bibi mmoja aliyekuwa anachambua mchele akainua macho: "Mbona la nje limekuwa kubwa hivyo?" Mkaguzi wa mahesabu angelipwa posho ya siku tatu kufikia swali hilo. Majibu yalichukua saa nzima na hayakuwa mazuri, lakini hayo ni yao.

(Vizibo vilipangwa mezani katika marundo matatu.)

Mnaona? Macho yanapima kabla hujahesabu. Chati ya nguzo ni vizibo vilivyosimamishwa, basi. Ikiwa na nguzo nne inasomeka. Ile chati duara yenye vipande 11 na rangi 11, ambayo ufafanuzi wake umeandikwa pembeni kwa herufi za mchwa, ivunjeni.

Na nguzo zinaweza kudanganya kama mizani. Una 92 mwaka jana na 96 mwaka huu. Anza kuchora kutoka 90 badala ya sifuri, na nguzo ya mwaka huu itasimama mara tatu ya ile ya mwaka jana, babu na mjukuu. Hujaandika uongo hata tarakimu moja. Muuza nyama akichezea mizani anakamatwa, Wakala wa Vipimo wapo. Chati hazina mkaguzi, na nimeona vikao vikigawa mamilioni kwa mizani ya namna hiyo, wajumbe wakipiga makofi.

Wakati mwingine huhitaji hata kizibo. Baada ya mafuriko fulani bondeni Jangwani nilihudhuria mkutano wa mtaa. Mtaalamu alionyesha ramani yenye rangi za bluu tatu, kazi nzuri, tena ya kweli. Sitaki kuidharau, maana kuanzia 2015 vijana wa mradi wa Ramani Huria walizunguka na wakazi kata nyingi za jiji hili kuchora pale maji yanapofika, na ramani hizo zimesaidia sana. Lakini watu walikuwa wakijitafuta kwenye ile bluu bila kujiona. Mzee mmoja akasimama, akaweka kiganja kifuani, chini kidogo ya shingo. "Kwangu, hapa." Mwanamke jirani yake akasimama naye akaweka mkono kiunoni. "Kwangu hapa." Wakaendelea kusimama mmoja mmoja. Yule mtaalamu, na ninamheshimu kwa hili, alizima projekta yake, akachukua kalamu, akaanza kuandika kwenye bangokitita nani ameweka mkono wapi.

Naona mwenyekiti anatazama saa. Najua wengi wenu mtarudi ofisini kesho na mtatakiwa kuwasilisha, na hakuna atakayewaruhusu kuingia na mwavuli. Sawa. Tumieni slaidi. Ila ombi langu ni moja. Jioni hii zifungueni, muende kusimama mwisho wa ukumbi wenyewe ambamo mtazungumza, au mwisho wa korido kama ukumbi umefungwa. Kisichosomeka kutoka pale, kihamishieni kwenye kitini mtakachogawa watu wakiondoka. Kinachosomeka lakini mmeshakisema kwa mdomo, kifuteni. Halafu zimeni mashine, mseme mada yote kwa mtu mmoja wa nyumbani, gizani. Mtakapokwama na kutamani kumwonyesha kitu, hapo ndipo panapohitaji slaidi.

Khanga nitampa yule mama wa nyuma aliyewahi kuisoma wa kwanza. Vizibo ni vya mjukuu, anavihitaji darasani Jumatatu. Mwavuli naondoka nao, maana naona wingu limekaa vibaya huko magharibi, na mimi nakaa Magomeni. Jangwani ikijaa, barabara inafungwa.